Siku ya Kumi na Tisa Haijaitikiwa

Mwezi ulikuwa umetandazwa sakafuni, na Mize alikuwa amepiga magoti juu yake anaufumua.

Asije mtu akadhani haya ni maneno ya kupamba. Katika mji ule, ambao wenyewe waliuita Mji tu kwa sababu hawakuwahi kuwa na mwingine, mwezi ulikuwa mkeka. Kila siku ilikuwa na ukili wake, utepe mmoja wa kusukwa. Jua likianza kulegea, Mize alikaa barazani na chane zake za ukindu, watu wakapita mmoja mmoja kumwambia yaliyotokea, naye akayasuka huku akiyatamka kwa sauti ya chini: habari zilizoletwa, mtoto aliyezaliwa, nani kagombana na nani, nani kaolewa, nani kazikwa. Nyekundu iliingia penye harusi, kijani penye mvua, nyeusi penye msiba. Kesho yake ukili ule ulishonwa kwa shazia, sindano kubwa ya mikeka, kwenye ukili wa jana. Siku ya thelathini, baada ya alasiri, mkeka ulitandikwa uwanjani, Mize akapitisha kidole juu ya siku moja baada ya nyingine akizisoma, na kwa kila siku watu wote wakaitikia, "Tumeiona." Siku iliyoitikiwa ilikuwa imepita. Mwisho wa yote Mwangalizi, mkubwa wa Mji, alishuka kwenye kiti chake, akakusanya kanzu yake, akaukalia mkeka, na mwezi ukafungwa.

Yaliyokuwa ndani ya mkeka yalikuwa yametokea. Yaliyoachwa nje yalianza kulegea kwenye vichwa vya watu tangu ukili uliposhonwa, na Mwangalizi akishakaa, basi tena, yalikuwa hayajapata kuwa. Msuka mwezi ndiye aliyekuwa wa mwisho kusahau. Yeye alibaki nayo mpaka mkubwa yule aketi, hata dakika moja haikuzidi. Ndiyo maana mchana ule wa siku ya thelathini, jua limewaka na bati linalia kwa joto, Mize alikuwa akitokwa na jasho la baridi. Alikuwa amebakiwa na muda wa kutoka adhuhuri hadi alasiri wa kuendelea kuwa na ndugu yake.

Ndugu yake aliitwa Vuai. Alilisema jina hilo kila alipokata uzi, ili mdomo usije ukalipoteza.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, na hapa sitamtetea. Siku ya kumi na tisa ya mwezi ule ilikuwa Sikukuu ya Vizingiti. Asubuhi ya sikukuu hiyo kila mtu huvua viatu kwenye kizingiti cha nyumba yake, akaenda peku kula kwenye nyumba ya mwenzake, nyumba yoyote, hata ya mtu waliyenuniana mwaka mzima. Mgeni haondoki kwenye sinia mpaka mwenyeji amnawishe mikono. Jioni kila mtu hurudi kwake na kuvikuta viatu vyake vinamngoja. Siku hiyo hakuna kazi, na kwa kuwa hakuna kazi, wasuka mwezi wote tangu zama za bibi yake Mize waliusuka ukili wa sikukuu alfajiri, siku yenyewe haijawa. Nani angewalaumu? Sikukuu ni sikukuu. Ngoma italia, halua itapikwa, watoto watapakwa wanja, wazee watacheza na kuumwa na viuno. Mize naye alisuka hivyohivyo, nyekundu na manjano, akayatamka yote yaliyozoeleka, akauning'iniza ukili kwenye msumari na kwenda kula.

Halafu siku ikafanya yake.

Siku ya kumi na nne lilikuwa limetoka tangazo kwamba kisima cha katikati ya Mji kimefunikwa kwa bamba la chuma, kwa faida ya wote. Sababu haikutajwa na kila mtu aliijua. Mwangalizi, ambaye hakuna aliyekumbuka ameanza lini kuangalia, alikuwa amepita pale kwa miguu, akainama, na majini akamwona mtu mzee. Kwa kuwa miezi yote alikuwa ameikalia, alidhani pengine muda umekwama chini yake na hautamfikia usoni. Basi kisima kikafunikwa, watu wakawa wanateka maji ng'ambo ya pili ya Mji. Siku ya sikukuu, wakati kila mtu yuko kwenye sinia la mwenzake, Vuai na vijana wengine sita walikwenda peku kisimani wakalifunua lile bamba. Lori likaja. Watu wa fimbo wa Mwangalizi wakashuka.

Mize alikuwa nyumba ya tatu kutoka kisimani, kwa fundi saa, ambaye saa zake zote ukutani hazikuwa na mishale na bado watu walimpelekea azitengeneze. Alikuwa anakula wali wa nazi. Alilisikia lori, akazisikia fimbo, kisha akaisikia sauti ya ndugu yake ikimwita, "Dada Mize." Mara tatu. Haikuwa sauti ya kupiga kelele, ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kufunguliwa mlango. Fundi saa aliinamia sinia. Mkewe aliinamia sinia. Mize alikuwa na tonge mdomoni, na mwenyeji hakuwa amemnawisha mikono, na mila ni mila, na akainamia sinia. Alitafuna lile tonge mpaka likawa maji. Lori lilipoondoka, fundi saa alileta birika na beseni, akamnawisha kwa adabu zote.

Ukili wa uongo angeweza kuutupa jioni ile. Hakuutupa. Kesho yake aliushona, na ukweli wa jambo hilo alikuwa ameuweka mbali na yeye mwenyewe kwa siku kumi nzima. Kama siku ya kumi na tisa ilikuwa ngoma na halua, basi hakuna aliyeitwa. Na kama hakuna aliyeitwa, hakuna aliyenyamaza.

Sikusema uongo. Nilisuka mapema. Mapema si uongo. Bibi alisuka mapema, baba alisuka mapema. Siku ndiyo iliyobadilika, mimi sikubadilika. Lakini shazia lilikuwa mkononi mwa nani? Mwangu. Na meno yaliyotafuna? Yangu. Mtu akilala, siku yake inamilikiwa na nani? Walioiishi au aliyeisimulia? Kama ni walioiishi, mbona haiko kwao tena? Kama ni aliyeisimulia, basi mimi ni nani, niliyempa Mwangalizi ndugu yangu amkalie?

Maneno ya aina hiyo yalimjia vipande vipande huku uzi ukikatika chini ya kucha zake. Alikuwa amefikia nusu ya mshono. Mkeka ulianza kugawanyika pande mbili: upande mmoja siku kumi na nane, upande wa pili siku kumi, na katikati ule ukili mzuri wa nyekundu na manjano, ambao hata sasa, alilazimika kukubali, ulikuwa umesukwa vizuri kuliko zote. Pembeni kulikuwa na beseni la chane mbichi alizoloweka. Alikusudia kusuka siku nyingine, ya kweli. Nyeusi, na mstari mmoja wa rangi ya chuma.

"Mize," mama yake aliita kutoka mlangoni. "Viatu hivi vya nani?"

Mize hakugeuka mara moja. Swali hilo lilikuwa limeanza siku ya ishirini na tatu, likawa linarudi kila asubuhi. Bi Mkasi, mama yake, alikuwa mwanamke aliyekumbuka tarehe za kung'oka meno ya watoto wake. Sasa alisimama kizingitini na makubadhi mawili ya ngozi mkononi, la kushoto kisigino kimeliwa upande, kwa sababu Vuai tangu mdogo alitembea kama anayeisukuma dunia kwa mguu mmoja.

"Vya Vuai, mama."

"Vuai." Bi Mkasi alilionja jina. "Ndiye nani?"

"Mwanao."

Mama yake alicheka, si kwa ubaya. "Mwanangu ni wewe. Usinitanie na jua lote hili, mwenzio nina kichwa kinauma." Akayatazama tena makubadhi. "Hata hivyo ni ngozi nzuri. Naruka viatu vya watu kila nikitoka, iko siku nitaanguka. Leo nitakwenda navyo uwanjani, mwenyewe akiviona atavichukua."

Ilikuwa kawaida hiyo. Vitu visivyo na mwenyewe vililetwa uwanjani siku ya kufunga mwezi, na visivyodaiwa viliteketezwa. Bi Mkasi aliyatia makubadhi kwenye kikapu chake, juu ya kanga iliyokunjwa. Kisha akaenda jikoni, na Mize akasikia sahani zikitolewa kabatini. Moja. Mbili. Akangoja. Kabati likafungwa.

Alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu sikukuu, mdomo wazi na bila sauti, huku mikono ikiendelea kufumua kwa kuwa haikuwa na ruhusa ya kusimama.

"Hodi."

Aliyebisha hodi alikuwa tayari yuko ndani. Bwana Shaame alikuwa mwitikishaji wa Mji. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu uwanjani na kusema "Tumeiona" wa kwanza, wengine wakamfuata. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yake Mize, alimpakata Mize siku ya arobaini ya kuzaliwa kwake, na siku za karibuni alipita kila nyumba iliyokuwa karibu na kisima kuulizia hali.

"Karibu, ami," Mize alisema. Hapakuwa na namna ya kuuficha mkeka. Mtu hawezi kuuficha mwezi mzima kwa upande wa kanga.

Bwana Shaame alikaa kwenye kigoda, akauweka mkongojo wake mapajani. Aliangalia mshono uliofunguka, akaangalia beseni la chane, akaangalia uso wa Mize.

"Umepata kosa kwenye kazi?"

"Nimepata."

"Mimi siyaoni makosa. Naona mkono wa baba yako." Aligusa ukili wa sikukuu kwa ncha ya mkongojo. "Hakuna mtu aliyekuja kukwambia usuke hivi. Sikuja mimi, hakuja Mwangalizi. Ulisuka mwenyewe, kwa furaha yako. Sasa leo unataka kumwaibisha nani?"

"Ami, ulikuwepo. Nyumba yako inatazamana na kisima."

"Nilikuwa mgeni kwa mwashi. Nilikula biriani." Alisema hivyo kwa uangalifu, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Ngoma ilikuwa nzuri mwaka huu."

"Hapakuwa na ngoma."

"Mize." Sauti ilishuka ikawa ya mzazi. "Nikuambie kitu. Chumba cha nyuma kwangu kuna kitanda kimezidi. Kimetandikwa shuka la bluu, na mto, na chini yake pana mpira wa miguu. Sijui cha nani. Nimewauliza watu wa nyumbani, hawajui. Siku za kwanza kilinikosesha usingizi. Sasa nalala vizuri. Nawe baada ya alasiri utalala vizuri, na mama yako ataacha kuumwa kichwa. Hilo ni baya?"

Mize alimtazama. Bwana Shaame alikuwa akitabasamu, na jicho moja lilikuwa linatoa machozi bila yeye kujua, akawa analifuta kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

"Shona, mwanangu," alisema. "Nitakaa hapa mpaka umalize."

Akainua lile beseni, akazimwaga chane zote barazani, juani, zikakauka na kukunjamana palepale. Akarudi kwenye kigoda.

Mize alitia uzi mwingine wa mkonge kwenye shazia. Akashona. Aliisogeza siku ya kumi na nane ikutane na ya kumi na tisa, na ya kumi na tisa ikutane na ya ishirini, shazia likaingia na kutoka, na mshono ulikuwa sawasawa, mtu angeupima kwa kamba. Bwana Shaame alihesabu pumzi zake. Nje watu walianza kupita kuelekea uwanjani, wanazungumza juu ya mwezi jinsi ulivyokuwa mwepesi, jinsi sikukuu ilivyofana, na mmoja alisema halua ya mwaka huu haijapata kuonekana.

Kila mshona mikeka anajua kwamba uzi huanzwa kwa fundo na kumalizwa kwa fundo. Mtoto wa miaka saba hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kushika shazia. Mize hakufunga la mwanzo. Na alipofika mwisho hakufunga la mwisho. Uzi aliuacha mrefu, akaupitisha chini ya pindo.

Bwana Shaame alisimama, akainama juu ya mkeka. Kidole chake kilipita juu ya mshono, kikafika kwenye pindo, kikaugusa ule uzi uliobaki.

"Uzi wako mrefu leo," alisema.

Mize alianza kuukunja mkeka.

"Haya. Tusiwacheleweshe watu."

Uwanja ulikuwa umejaa. Sijui niueleze vipi uwanja ule kwa mtu asiyewahi kufika. Haukuwa na pembe. Mtu akisimama mahali popote alijiona yuko katikati, na Mwangalizi peke yake ndiye aliyekuwa pembeni, juu ya kiti kirefu, mgongo kwa jua, uso hauonekani. Wengine walisema uso hana. Wengine walisema ana nyuso za waliomtangulia, zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Mize, ambaye kila mwezi alikuwa karibu naye kuliko wote, alijua tu kwamba ananuka mafuta ya karafuu na kwamba magoti yake hulia anapokaa.

Mkeka ukatandikwa. Upande wa kulia akasimama Bwana Shaame. Mbele, kati ya wanawake, alikaa Bi Mkasi na kikapu chake. Mize alipiga magoti, mkono wa kulia, bado umeshika shazia, kwenye ukili wa kwanza, mkono wa kushoto chini ya pindo, uzi umezungushwa kwenye kidole.

"Siku ya kwanza," alisoma. "Mwezi uliandama, ukaonwa na mtu mmoja asiyeaminika, na ikabidi aaminike."

"Tumeiona," alisema Bwana Shaame, na uwanja ukanguruma, "Tumeiona."

"Siku ya tatu. Habari zilifika kwamba upepo wa kusini umehamishiwa wilaya nyingine. Nguo hazikukauka."

"Tumeiona."

"Siku ya sita. Kinyozi alivunja kioo chake. Watu walinyolewa kwa kuulizana, na wawili waligombana."

Watu walicheka. "Tumeiona."

"Siku ya tisa. Harusi ya binti wa mwokaji mikate. Bwana harusi alichelewa, akaja kesho yake na nguo za jana. Bibi harusi alikuwa hajainuka kwenye kiti."

"Tumeiona," na safari hii kina mama walitia vigelegele.

Akaendelea. Siku za kufua na siku za foleni. Siku ya kumi na moja, msiba wa mwanamke aliyekuwa akiuza maandazi, na asubuhi nzima watu walipita mahali pake na mikono imenyooshwa. Siku ya kumi na nne, tangazo la kisima, kwa faida ya wote. Siku ya kumi na saba, wanafunzi walipewa mtihani wa majibu, wakatakiwa kuandika maswali, na hakuna aliyefaulu. Kwa kila siku uwanja ulinguruma, na Mize akaziona siku zikipita kweli, akaona rangi ya ukindu ikififia nyuma ya kidole chake. Hapo ndipo ilipomjia kwamba watu hawa walikuwa wanasema wameona hata yale ambayo hawakuyaona. Nani wao aliiona mvua ya siku ya pili, ilipomnyea mchunga mbuzi mmoja peke yake? Na bado waliitikia. Ilikuwa rahisi sana. Mdomo ulifunguka wenyewe.

Basi akakumbuka kitu alichoambiwa na baba yake siku alipokabidhiwa shazia, mzee akiwa mgonjwa na anaona haya kulisema: siku isiyoitikiwa haipiti. Inabaki pale pale ilipo na kila kitu chake ndani. Baba alilisema hilo kama onyo.

"Siku ya kumi na nane," alisoma. "Viatu vilipigwa dawa, kizingiti kikaoshwa kwa maji na majani ya mchaichai. Watu walilala mapema wakingoja sikukuu."

"Tumeiona."

Kidole chake kilikuwa juu ya nyekundu na manjano.

Akavuta uzi.

Ulitoka wote kwa mara moja, na sauti yake ilisikika mpaka nyuma. Mkeka ukafunguka. Ukili wa sikukuu ukabaki mkononi mwake umening'inia, na mahali pake, kati ya siku ya kumi na nane na siku ya ishirini, ukaonekana udongo mtupu wa uwanja, mwekundu, na sisimizi mmoja anakatiza.

Mwangalizi alikuwa ameshaanza kushuka kwenye kiti, kama ada yake siku zikishapita nusu. Alisimama njiani na kanzu amekwisha kuikusanya mikononi.

"Siku ya kumi na tisa," Mize alisema, na sauti haikuwa yake ya kusomea, ilikuwa ya nyumbani. "Niliisuka alfajiri, haijawa. Haya niliyoyasuka hayakutokea. Vijana saba walikwenda peku kisimani wakalifunua bamba, lori likaja, wakapigwa, wakachukuliwa. Mmoja wao ni ndugu yangu Vuai, mtoto wa Bi Mkasi. Aliniita mara tatu. Nilikuwa kwa fundi saa nakula wali, nikamsikia, nikaendelea kutafuna. Na nyie mlisikia. Kila mmoja alikuwa kwenye sinia la mwenzake, na kila mmoja aliinama. Hiyo ndiyo siku ya kumi na tisa. Sasa semeni kama mmeiona."

Nyuma ya umati mtu alikohoa. Fundi saa alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Macho yote mengine yalimwendea Bwana Shaame, kwa sababu ndivyo ilivyozoeleka: aseme yeye, wao wafuate, na hata siku mbaya kiasi gani ikishasemwa imepita. Ukweli wenyewe ungepitishwa hivyohivyo. Mize aliliona hilo. Hakuwa amelifikiria. Alidhani kazi ngumu ni kuisema siku. Kumbe wangeweza kuikubali, neno kwa neno, na kuikalia vilevile.

Mwangalizi alitikisa kichwa kidogo, kumruhusu mwitikishaji.

Bwana Shaame akafungua mdomo. Jicho lake lilikuwa linatiririka.

"Hebu ngojeni," alisema Bi Mkasi.

Alikuwa amesimama na kikapu chake. Alisogea mbele polepole, kama anayepita gizani nyumbani kwake, akapapasa juu ya mkeka kwa macho mpaka akaliona lile pengo. Akaingiza mkono kikapuni.

"Nimekuja na viatu," alisema. "Nilitaka mwenyewe avione." Aliligeuza la kushoto, akapitisha kidole gumba penye kisigino kilicholiwa, akapitisha tena, na mara ya tatu kidole kikasimama. "Nilimwambia. Nilimwambia mtoto huyu, tembea sawa, unamaliza ngozi." Uso wake ulivunjika. "Viatu vya Vuai hivi."

Aliinama akaviweka ndani ya pengo, juu ya udongo, vimeelekea nje, kama vinavyowekwa kizingitini.

"Mwanangu aliondoka nyumbani peku," alisema akimwelekea Bwana Shaame, "na hajarudi kuvaa. Jioni yake haijafika. Mimi siku hiyo sijaiona."

Hilo neno halikuwahi kusemwa uwanjani. Watu walilisikiliza likitua. Kisha mwanamke mmoja nyuma, mke wa fundi saa, akasema, "Hata mimi sijaiona." Akasema mwingine. Halafu wakawa wengi, hawakunguruma, kila mmoja alisema kwa wakati wake na kwa sauti yake, baadhi wakinong'ona, na wengi zaidi walinyamaza tu kwa woga, na kunyamaza kwao nako hakukuwa kuitikia. Bwana Shaame alibaki mdomo wazi. Alipoufunga, alikuwa amesema kitu kimoja tu, na Mize peke yake ndiye aliyekisikia. Lilikuwa jina la mtu, la mtoto wa kiume, na baada ya kulisema alikaa chini kwenye udongo.

Mwangalizi alikuwa amekwisha kufika juu ya mkeka na kukunja magoti ili awahi kukaa. Hakuweza kukaa, maana chini yake palikuwa na viatu vya mtu na siku iliyo wazi, wala hakuweza kusimama bila kushikwa mkono, na hakuna aliyemshika. Alibaki hapo amechutama nusu, kanzu mikononi, na kwa mara ya kwanza jua lilimpiga usoni. Alikuwa mzee tu.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Halua, siagi na iliki. Kisha kivuli cha kila mtu kikaanza kujikunja kuelekea miguuni kwake, jua likirudi juu bila haraka, likapita mahali pa alasiri, likasimama mahali pa chakula cha mchana, siku ya kumi na tisa. Mize aliangalia chini. Hakuwa na viatu. Hakuna aliyekuwa na viatu. Mikono yake ilinata wali, na mdomoni mwake palikuwa na tonge.

Alijua yote yaliyokuwa yanakuja. Lori lilikuwa linateremka barabara ya juu, alilisikia likibadilisha gia. Fimbo zilikuwa zile zile, na watu wa fimbo hawakuwa wamepungua hata mmoja. Siku haikuwa imemwonea huruma. Ilikuwa imebaki wazi, na hilo tu.

Mama yake alimshika mkono wa kushoto. Mkono wa kulia bado ulikuwa na shazia.

"Dada Mize," sauti iliita kutoka kisimani.

Alitema lile tonge, akainuka bila kunawishwa, na akaitika.